Insha ya Akiba

Walimu wapya wa Kiingereza, mmeniandikia kwa heshima mkitaka niwaeleze mbinu zangu kabla hamjazoea kazi. Mnasema picha yangu bado iko ukutani katika chumba cha walimu, na chini yake kuna maneno kwamba mimi ndiye niliyewatoa watoto wa Kitui woga wa Kiingereza. Aliyeandika maneno hayo alinipenda. Mbinu nitawapa, maana zipo na zinafaa. Ila nyingi si zangu, na ile moja iliyokuwa yangu kabisa ndiyo inayonifanya nione haya mpaka leo. Mkimaliza kusoma, hiyo picha mtaamua wenyewe.

Nianze na la kucheka. Siku yangu ya kwanza darasani nilivaa koti na tai katika lile joto la mwezi wa pili, nikazungumza Kiingereza cha puani dakika arobaini bila kupumua. Watoto walinyamaza kimya. Mimi nikadhani wamevutiwa. Mwishoni nikauliza kama kuna mwenye swali, na msichana mmoja wa nyuma akainua mkono. Nilifurahi sana. Kumbe alitaka kwenda chooni, na aliomba kwa ishara kwa sababu aliogopa kukosea mbele yangu. Kuanzia wiki hiyo wanafunzi waliniita Kamusi, na nilikaa miaka mingi nikidhani ni sifa.

Aliyejua kazi pale shuleni alikuwa Madam Mwende. Meza yake ilikuwa karibu na yangu. Alikuwa mama mnene wa upande wa Makindu, mzee wa kanisa, mwenye kicheko kilichosikika hadi jikoni. Siku hizo ukimkuta mtoto akiongea Kikamba ndani ya uwanja wa shule ulimwadhibu. Madam Mwende aliingia darasani, akafunga mlango, akawaambia watoto wamsimulie jirani kisa kwa Kikamba, au kwa lugha yoyote ya nyumbani. Kisha mmoja alisimama akasimulia kile kisa kwa Kiswahili. Mwisho kabisa ndipo walipochukua kalamu wakaandika kwa Kiingereza. Alisema mtoto hawezi kutafuta kisa na lugha kwa wakati mmoja, mikono yake ni miwili tu.

Mbinu hiyo ichukueni, ni yake. Nyingine yake ni hii: usisahihishe kila kosa. Chagua kosa moja la wiki, ulisake hilo kwenye madaftari yote, mengine uyaache yalivyo hadi zamu yao ifike. Daftari lililojaa wino mwekundu mtoto halisomi, analificha. Tena siku ya soko alikuwa akilichukua darasa lake hadi soko la Tulia, kila mmoja asikilize watu wawili wakipatana bei ya mbuzi, kisha warudi waandike yale mazungumzo kwa Kiingereza. Ninyi mna simu, mtawarekodi watoto wajisikie wenyewe, na ni jambo zuri. Yeye alitumia soko na masikio.

Mimi nilimcheka. Nilimwambia mbele ya walimu wenzetu kwamba anafundisha Kikamba na kulipwa kwa Kiingereza. Alicheka pamoja nasi, kisha akaendelea kusahihisha. Alistaafu bila kusifiwa na mtu, na sikuwahi kumwomba radhi akiwa hai.

Sasa niwaeleze juu ya Sahra.

Baba yake, Mzee Abdi, alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, Msomali aliyetoka kaskazini mashariki na familia yake akaja kununua mifugo Tulia. Sahra alikuja kwetu kidato cha kwanza. Nyumbani waliongea Kisomali, madrasani alisoma Kiarabu, sokoni na barabarani alijifunza Kiswahili, na kwa kucheza na wenzake akakijua Kikamba hadi akina mama wa soko wakawa wanamwita mtoto wao. Lugha nne, jamani. Mimi niliyekuwa na mbili na nusu nilimwandikia kwenye ripoti kwamba ni dhaifu katika lugha.

Kosa lake lilikuwa nini? Kiingereza kilikuwa cha mwisho kumfikia. Herufi ya p ilimpa taabu, akatamka b, na darasa zima likacheka, nami nikatabasamu. Msitabasamu. Mtoto akichekwa mara moja na mwalimu yupo, muhula mzima hatafungua mdomo. Sahra aliufunga wake hadi kidato cha tatu. Lakini aliandika. Aliandika kila siku, na alijua anachokitaka: chuo cha uuguzi. Chuo kile kilitaka alama fulani ya Kiingereza, na bila hiyo alama hata ungekuwa na sayansi za kutosha, hukuingia. Mzee Abdi alikuwa amewaambia jamaa zake wote kwamba binti yake atakuwa muuguzi. Wengine walimwonya kwamba anampoteza msichana kwa masomo. Yeye aliwajibu kwamba amemwamini mtoto wake, basi. Kila mkutano wa wazazi alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, akaketi mbele, akaniuliza kwa Kiswahili cha sokoni kama Kiingereza cha Sahra kinapanda.

Kidato cha nne, Sahra aliniletea insha kuhusu bibi yake. Alieleza walivyompakia kwenye mkokoteni wa punda na kumpeleka zahanati, na jinsi bibi alivyokataa kulala chini kwa sababu hakutaka watu wa Tulia wamwone amelala. Sarufi ilichechemea. Nilitia wino mwekundu kuanzia juu hadi chini. Madam Mwende aliiona mezani pangu, akaisoma yote akiwa amesimama. Akaniambia, "Musembi, huyu anaandika. Mrekebishie tu hapa na hapa, umwache."

Sikumwacha. Mimi nilikuwa na njia ya mkato.

Mjue kwamba wakati huo nilikuwa pia msahihishaji wa mtihani wa kidato cha nne. Kila mwisho wa mwaka niliitwa pamoja na wengine kwenda kusahihisha, na katika shule za huku mtu wa namna hiyo aliheshimiwa sana. Nilijua insha gani humfanya msahihishaji aliyechoka aamke. Basi nikaketi nikatunga moja mwenyewe. Ilikuwa kuhusu ajali ya lori na basi, na mama asiyejulikana aliyeokoa mtoto kisha akaondoka bila kutaja jina. Niliijaza maneno mazuri mazuri. Uzuri wake ni kwamba ingeweza kuingia karibu swali lolote. Wakiuliza siku usiyoisahau, unayo. Wakiuliza wema, unao. Wakiuliza safari, si basi limo? Niliiita insha ya akiba. Wanafunzi waliiita spea, kama gurudumu la akiba la gari.

Nilichagua wanane waliokuwa karibu na alama nzuri, wale ambao wangetuinulia wastani wa shule, nikawakaririsha. Kila asubuhi kabla ya gwaride walisimama nyuma ya maktaba wakaisema kwa zamu, hadi nukta zake. Madam Mwende hakuambiwa. Sahra alikuwa mmoja wao. Alinijia akaniuliza kama anaweza kuandika yake ya bibi iwapo swali litafaa. Nilimwambia, maneno yangu haya, kwamba ile ya bibi itampeleka kuchunga mbuzi. Akainamisha kichwa, akajifunza spea.

Mnaweza kukisia yaliyofuata. Sikuwaambia wabadilishe chochote, kwa sababu nilijiona nimeandika kitu ambacho hakibadiliki. Matokeo yalipotangazwa, majina manane hayakuwa na alama ya Kiingereza. Yalizuiliwa. Insha nane kutoka chumba kimoja, neno kwa neno, hata lile kosa langu la tahajia ambalo sikuliona wamelinakili wote wanane.

Maafisa wawili walikuja shuleni, mwanamume na mwanamke, watu watulivu wasiokuwa na haraka. Walikaa ofisini kwa mwalimu mkuu. Niliitwa kama mkuu wa idara ya Kiingereza, nikapewa kiti kando ya kabati la vikombe. Wanafunzi waliitwa kutoka makwao, wakasubiri nje kwenye benchi na wazazi wao. Mzee Abdi alikuwepo, na kanzu yake.

Yule afisa mwanamke aliweka karatasi mbele yangu. Akaniuliza kama nimewahi kuiona insha hiyo.

Nisikilizeni vizuri hapa. Kama ningesema ndiyo, ni mimi niliyeitunga na nikawakaririsha, wale watoto wangeonekana walivyokuwa: watoto waliomtii mwalimu. Wangekatwa alama, labda sana, lakini hakuna ambaye angeitwa mwizi wa mtihani. Mimi ndiye ningeondolewa kwenye usahihishaji, na huenda hata kazini. Nilikuwa na jina. Mwalimu mkuu alikuwa akinitazama. Nikasema sijawahi kuiona.

Wanafunzi waliingia mmoja mmoja. Wa kwanza alilia tu. Wa pili alisema hakumbuki. Hawakunitaja, kwa sababu nilikuwa nimeketi palepale, na huku kwetu mtoto hamtaji mwalimu wake mbele ya wageni. Nililijua hilo, nikalitegemea. Wa tatu akawa Sahra. Yule mama afisa alimwuliza kwa upole insha ilitoka wapi, na akamweleza kwamba wasipopata ukweli matokeo ya wote wanane yatafutwa.

Sahra alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kitambo, kama anayesubiri zamu yake ya kusema. Kisha akasema, "Ni yangu, Madam. Niliandika mimi. Hao wengine niliwapa tu wasome."

Afisa akanigeukia. "Mwalimu, mwanafunzi huyu ana uwezo wa kuandika insha kama hii?"

Nikasema, "Ndiyo. Anao uwezo mkubwa."

Katika miaka minne niliyomfundisha Sahra, hiyo ndiyo mara ya kwanza kukisifu Kiingereza chake.

Saba wakarudishiwa matokeo, yamepunguzwa kidogo. Ya Sahra yakafutwa yote, si Kiingereza peke yake. Nilimwona Mzee Abdi akielezwa na mwalimu mkuu pale nje. Hakupaza sauti. Alimwuliza binti yake jambo moja kwa Kisomali, akajibiwa kwa neno moja, akatangulia kwenda langoni bila kumngoja. Nami siku hiyo nilikula chakula cha mchana. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na nyama. Nilikula nikashiba, kwa sababu nilikuwa nimepona. Nikikumbuka hiyo sahani naona aibu kuliko hata ule uongo.

Wiki mbili baadaye habari ilikuwa imeenea soko lote kwamba binti wa Abdi aliuza mtihani. Kabla ya mvua, familia ilifunga virago ikahamia Mtito Andei, na huko nikasikia wamefungua hoteli ya madereva wa malori. Mimi niliendelea. Nilifundisha vizuri, nawaapia. Spea niliichoma, nikaanza kutumia mbinu za Madam Mwende moja baada ya nyingine, na wanafunzi wangu wakafaulu kweli. Watu wakazisifu kama zangu, nikazipokea. Hizo ndizo zilizonipandisha ukutani kwenu.

Nilistaafu nikafanyiwa sherehe. Mmoja wa wale saba, sasa ni mtu mzima mwenye cheo, alisimama akaanza kusema kwa mzaha ile insha ya lori na basi, bado anaikumbuka yote. Watu walicheka hadi machozi. Alipomaliza akasema tumshukuru Mwalimu, na pia yule dada yetu aliyetubebea msalaba. Akaketi. Wale waliojua wakatazama sahani zao. Nikaelewa kwamba miaka yote hiyo wote saba walikuwa wakijua nami nikijua, na sote tulikuwa tumekubaliana kunyamaza bila hata kuongea.

Ndipo nikaenda Mtito Andei. Sikuandika barua. Nilishuka barabarani saa tano asubuhi, nikauliza hoteli ya Mzee Abdi, nikaonyeshwa karibu na kituo cha mafuta. Sahra alikuwa kwenye kaunta, mama wa makamo mwenye mtandio wa kijani. Alikuwa akimjibu dereva mmoja kwa Kisomali, mwingine kwa Kikamba, na kijana wa Kichina wa kampuni ya barabara kwa Kiingereza kilichonyooka, chepesi, bila neno hata moja la ziada. Nilikaa nikamsikiliza. Ni Kiingereza nilichopaswa kumfundisha mimi. Alikipata peke yake, kwenye kaunta ile.

Alinitambua. Aliniletea chai na mahamri bila kuulizwa, akaketi mbele yangu. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na niliyoyaandaa yote yalikuwa kwa Kiingereza, fikirieni. Nikaanza. Akaniinulia mkono.

"Mwalimu, sema Kiswahili tu."

Basi nikasema kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hakukuwa na maneno marefu ya kujificha. Nilisema insha ilikuwa yangu, nikaikana, nikamwacha abebe. Nikasema naomba radhi.

Alikunja kitambaa cha meza. Kisha akaniambia jambo ambalo nataka mlisome polepole. "Mimi sikuwa nataka kubeba, Mwalimu. Nilisema ni yangu kwa sababu nilijua hutakubali nibebe. Nilijua nikisema hivyo utasimama useme, hapana, huyu mtoto anadanganya. Nikangoja. Hata tukiwa kwa gate bado nilikuwa nangoja."

Nilimwuliza ninaweza kufanya nini sasa, kama nimwandikie barua, kama niende kwa wakubwa wa mitihani. Akasema barua za nini, yeye ana umri wa kuwa nyanya. Akageuka akaonyesha mlango wa ndani.

"Baba yuko hapo. Mwambie yeye."

Mzee Abdi alikuwa ameketi kwenye mkeka, amezeeka sana, macho yake meupe kwa mtoto wa jicho. Hakuniona ni nani hadi nilipojitaja. Akanipa mkono, akanikaribisha, akauliza habari za shule. Nilipiga magoti. Nikamwambia yote, kuanzia nyuma ya maktaba hadi sahani ya muthokoi. Nilimwambia binti yake hakuuza wala hakuiba kitu, na kwamba aliyedanganya ni mimi, nikiwa nimeketi hatua tatu kutoka kwake.

Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza aliuliza tu, "Na wewe umejua siku hizo zote?"

Nikasema ndiyo, siku zote.

Akatikisa kichwa. Akamwita Sahra kwa sauti, naye akaja akasimama mlangoni na birika mkononi. Mzee alizungumza naye kwa Kisomali. Alizungumza kwa muda mrefu, taratibu, akinyoosha mkono hewani kutafuta alipo, hadi Sahra akaweka birika chini, akaja akapiga magoti na kuushika ule mkono. Sahra alikuwa analia kwa sauti ya mtoto mdogo. Mimi nilikuwa kati ya baba na binti, na sikuelewa neno hata moja.

Sahra alipotulia nilimwuliza ni nini mzee alichosema.

Sahra alijifuta uso kwa mtandio. "Hayo si yako, Mwalimu," akaniambia. Nikasimama, nikavaa viatu vyangu mlangoni, nikatoka.